Bega la kuli, shingo ya dereva: gharama ya usafirishaji isiyopimwa mzani

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, au Mombasa kwenda Malaba, hupita kwenye mizani mara kadhaa kabla ya kufika mpakani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inataka gari pamoja na mzigo wake lisizidi tani 56, na anayezidisha hulipa faini. Lakini mzigo huo huo ukifika mwisho wa safari na turubai likafunuliwa, hakuna mzani unaopima kinachotua juu ya bega la mtu anayeushusha.

Hesabu yake si ngumu. Saruji tani 30 ni mifuko 600 ya kilo 50. Wakiishusha makuli wanne, kila mmoja amebeba mifuko 150. Hizo ni tani saba na nusu zilizopita juu ya mabega ya mtu mmoja kabla ya chakula cha mchana, na kesho yake huenda kuna lori jingine la sukari au mbolea linamsubiri.

Maumivu ya shingo, mabega na mgongo wa juu yamezoeleka mno katika kazi hii kiasi kwamba wengi huyahesabu kama sehemu ya ujira. Madereva nao wana yao, ingawa wao hawabebi. Wataalamu wa tiba ya viungo wanasema sehemu kubwa ya maumivu hayo inaweza kuzuilika au kupunguzwa kwa mambo mawili: viungo vya sehemu ya juu ya mwili viwe vyepesi kujongea, na misuli inayovishikilia iwe na nguvu. Jambo la tatu, ambalo ni uzito wa gunia lenyewe, liko mikononi mwa wafanyabiashara.

Hasara inaingiaje kwa mwenye mzigo

Kuli hulipwa kwa gunia au kwa lori. Kwa hiyo mwenye mzigo huona kwamba bega la kuli likiuma, hiyo ni shida ya kuli, kwani yuko mwingine nje ya geti anayesubiri nafasi. Kwa juu juu hesabu hiyo ni sahihi. Ila ushushaji unaokwenda polepole huchelewesha lori kuondoka, na lori lililochelewa hukosa mzigo wa kurudi nao. Kontena lisilorudishwa kwa wakati hutozwa kwa kila siku inayozidi. Mfuko wa saruji unaoponyoka na kupasuka ni hasara ya papo hapo, na anayeuponyosha mara nyingi ni yule ambaye mkono wake umeanza kupoteza nguvu.

Kwa upande wa dereva jambo ni zito zaidi. Mtu asiyeweza kugeuza shingo vizuri hutazama kioo cha pembeni kwa shida, na kurudisha nyuma lori lenye tela kunahitaji shingo na mgongo unaogeuka. Kampuni nyingi hukagua matairi na breki kabla ya safari. Shingo ya dereva haimo katika orodha ya ukaguzi.

Kwa lugha ya wahasibu, huu ni mtaji unaochakaa bila kutengewa fedha za uchakavu. Fidia nayo ni ngumu kuipata. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007 kuhusu wanaoumia kazini. Hata hivyo, kuli wa kutwa anayelipwa taslimu na mtu ambaye hata jina lake halijui atamtaja nani kuwa ndiye mwajiri? Aidha, bega halivunjiki siku moja kama mguu uliopondwa na gurudumu. Linachoka kwa miaka mitano, kumi, na siku linapogoma kunyanyuka hakuna tarehe ya ajali ya kuandika kwenye fomu.

Kinachotokea ndani ya bega

Bega ni kiungo chenye uhuru mkubwa kuliko vyote mwilini. Mkono huweza kwenda mbele, nyuma, pembeni, juu, na kuzunguka. Uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kikombe kinachokipokea, na wataalamu hukifananisha na mpira wa gofu uliowekwa juu ya kijiti chake. Kinachouzuia mpira huo usiteleze ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kuuzunguka mfupa wa mkono kwa kano zake.

Mojawapo ya kano hizo hupita katika uwazi mwembamba chini ya ncha ya mfupa wa bega. Mkono ukinyanyuliwa juu ya kichwa mara nyingi, tena ukiwa na uzito, kano hiyo hubanwa, huchoka na hatimaye huweza kuchanika kidogo kidogo. Ndiyo sababu mtu anayerusha magunia juu ya tela, au anayevuta turubai na kamba kutoka chini, hulalamika kwamba mkono unauma akiunyanyua kwa pembeni, na usiku hawezi kulalia upande ule.

Kubeba gunia begani kuna ubaya wake wa ziada. Mzigo huukandamiza msuli mkubwa unaotoka shingoni hadi begani, shingo inapinda kuupisha upande wa pili, na mkono mmoja unakwenda juu kulizuia gunia lisianguke. Mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi hupita kati ya shingo na mtulinga, mahali pale pale gunia linapokaa. Vidole vinavyokufa ganzi baada ya kazi ni ishara kwamba huenda mishipa hiyo imebanwa. Na kwa kuwa kila kuli ana bega lake analolipenda, upande mmoja hufanya kazi ya pande mbili.

Wanawake wanaovusha bidhaa kidogo kidogo mpakani hubeba zaidi kichwani, wengine na mtoto mgongoni. Kichwani mzigo hukaa sawa na mstari wa mwili, kwa hiyo hauvuti upande mmoja, lakini pingili zote za shingo hubeba uzito huo kwa kukandamizwa. Hatari kubwa iko wakati wa kujitwisha na kujitua, hasa mtu akiwa peke yake. Kusaidiana kutwishana, desturi ambayo haina gharama yoyote, kunaokoa shingo nyingi.

Kuna kiungo kingine ambacho husahauliwa. Mkono hauwezi kufika juu kabisa kama mgongo wa juu, ule ulioshikana na mbavu, hauwezi kunyooka nyuma kidogo. Mtu aliyeinama miaka mingi, iwe chini ya gunia au juu ya usukani, mgongo wake huo hukakamaa. Akinyanyua mkono, bega hulazimika kufanya kazi iliyokuwa ya mgongo. Kwa hiyo anayelisugua bega kila jioni kwa dawa ya kuchua na asipone, pengine tatizo lake liko nyuma ya kifua.

Dereva naye

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Dereva hukaa akiwa amenyoosha mikono mbele, kidevu kimetangulia, mabega yamepanda karibu na masikio. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo tano. Kikikaa sawa juu ya shingo, misuli haitaabiki sana, ila kikisogea mbele misuli ya nyuma ya shingo inakishikilia muda wote, kama mtu aliyeshika ndoo akiwa amenyoosha mkono. Mtikisiko wa gari huongeza uchovu, kwa kuwa misuli hujikaza na kulegea maelfu ya mara bila mwenyewe kujua.

Baya zaidi ni kinachofuata. Amekaa saa tano au sita, anafika mpakani, anaruka chini na kuanza kuvuta kamba za turubai kwa nguvu zake zote. Misuli iliyopoa na diski za mgongo zilizokaa muda mrefu katika hali moja haziko tayari kwa kazi hiyo. Dakika tano za kutembea kulizunguka lori, akizungusha mabega na kukagua matairi, zinatosha kupunguza hatari hiyo. Utingo anayempokea kamba hapaswi kuona kwamba ni uvivu.

Kiti nacho kinahusika. Dereva akae karibu kiasi kwamba viwiko vimekunjwa kidogo, mgongo umeegemea kiti, na mkono ukifika juu ya usukani bega halitoki kwenye kiti. Wengi huegemea mkono wa dirishani juu ya mlango kwa saa nyingi, bega la upande huo likiwa limepanda. Akipumzisha, aupumzishe mapajani.

Kazi ngumu si mazoezi

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba kuli hahitaji mazoezi, kwani kazi yake yenyewe ni mazoezi. Hoja hiyo ina mantiki lakini si kweli, na watafiti wa afya ya kazi, hasa wa nchi za Skandinavia, wameijadili kwa miaka mingi. Mazoezi huanza na uzito mdogo na kupanda taratibu, hugusa pande zote za mwili, na hufuatiwa na mapumziko ambayo ndiyo huujenga msuli. Kazi ya kushusha magunia huanza na kilo 50 au 100 siku ya kwanza, hutumia misuli ile ile, na mapumziko yake hutegemea lori la pili limefika saa ngapi.

Matokeo yake ni mwili wenye nguvu upande mmoja. Misuli ya kubeba na kusukuma ni mikubwa, ilhali ile ya nyuma ya bega, inayovuta kombe za mabega nyuma na kuushikilia mpira kwenye kikombe chake, imedhoofika. Mtu anaweza kuwa na kifua kipana na bado bega lake likawa halina wa kulishika.

Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Pain lilichapisha utafiti wa Denmark uliofanywa kwa wafanyakazi 198 wa ofisini wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega. Waligawanywa katika makundi: moja lilifanya zoezi moja la kuvuta mpira kwa dakika mbili tu kwa siku, jingine dakika 12, na la tatu halikufanya. Baada ya wiki 10, makundi yote mawili yaliyofanya zoezi yalikuwa na maumivu madogo kuliko lile la tatu. Ni kweli kwamba karani wa Copenhagen si kuli wa Rusumo, na ni vyema kutolichukulia jambo hilo kama kipimo kamili. Kwa dereva, ambaye naye hukaa kutwa, mfano huo uko karibu zaidi.

Tyubu ya baiskeli inatosha

Mpira uliotumika Denmark hununuliwa dukani. Huku kwetu kila mwenye bodaboda au mkokoteni anao: utepe wa tyubu kuukuu wa kufungia mzigo. Ukatwe urefu wa mita mbili hivi, ukaguliwe kama hauna mpasuko, kwa sababu ukikatika ukiwa umevutwa unaweza kuliumiza jicho.

Zoezi la kwanza ni lile la Denmark. Mtu anakanyaga utepe katikati, anashika ncha zake na kuinua mikono yote miwili kwa pembeni, ikielekea mbele kidogo, hadi usawa wa mabega tu, kisha anaishusha polepole. Kushusha polepole ni nusu ya faida. Zoezi la pili ni la kupiga makasia: utepe unafungwa kwenye chuma cha tela usawa wa kitovu, mtu anavuta viwiko nyuma mpaka kombe za mabega zikaribiane, anahesabu mbili, analegeza. Hili ndilo linalomfaa zaidi kuli, na kama muda unaruhusu zoezi moja tu, achague hili.

La tatu ni dogo na halipendezi machoni, ila ndilo linalolenga misuli ile midogo. Kiwiko kinabanwa ubavuni kimekunjwa, mkono unavuta utepe kuelekea nje kama mlango unaofunguka. Utepe uwe laini. Anayetumia nguvu nyingi hapa hufanya kazi kwa misuli mikubwa na kukosa kinachokusudiwa.

Kila zoezi lirudiwe mara nane hadi kumi na mbili, likifika kumi na mbili kwa urahisi utepe ufupishwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kuli ayafanye siku ya mapumziko, au asubuhi kwa utepe laini kama kupasha mwili. Kufanya mazoezi mazito jioni baada ya tani saba ni kuongeza mzigo juu ya mzigo. Dereva anaweza kuongeza kupiga pushapu akiwa ameshika bampa, ambazo ni nyepesi kuliko za chini, na kutembea akiwa amebeba dumu la maji la lita 20, ambalo ni kilo 20, mkono mmoja kisha mwingine, bila kupinda kiwiliwili.

Kwa upande wa wepesi wa viungo, foleni ya mpakani ina muda wa kutosha. Mtu asimame mgongo ukigusa ubavu wa lori, mikono imekunjwa kama aliyeambiwa ajisalimishe, kisha aiteleze kwenda juu na kurudi chini bila mgongo kuachana na bodi. Akiwa kwenye kiti, akumbatie mabega yake na kugeuka taratibu kushoto na kulia. Kidevu kivutwe nyuma kama anayetengeneza kidevu cha pili, kishikiliwe sekunde tano, kirudiwe mara kumi. Mwishoni aweke kiganja kwenye fremu ya mlango wa lori na kugeuza kifua upande mwingine mpaka asikie mvuto mbele ya bega.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika iwapo yametulia kufikia kesho yake. Yakizidi au yakishuka mkononi, zoezi lipunguzwe. Mabadiliko huonekana baada ya wiki sita hadi 12, na hapa ndipo wengi huacha, kwa sababu kidonge huonekana kufanya kazi ndani ya saa moja.

Kidonge hicho kwa kawaida ni diklofenaki, inayouzwa kirahisi katika maduka ya dawa kando ya barabara kuu. Kwa siku chache ina nafasi yake. Ikimezwa kila siku kwa miezi ili mtu aendelee kubeba, huweza kusababisha vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo, hasa kwa mtu anayefanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha. Pia humwezesha kuendelea kulitumia bega ambalo lilikuwa linaomba kupumzishwa.

Gunia la kilo ngapi?

Hakuna utepe wa tyubu utakaomwandaa mtu kwa lumbesa. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima, na wanawake wabebe pungufu sana ya hapo. Taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, kwa kanuni yake ya mwaka 1991, ilishuka hadi kilo 23, tena pale ambapo mazingira yote ni mazuri: mzigo uko karibu na mwili, usawa wa kiuno, na haunyanyuliwi mara nyingi.

Gunia la mahindi ambalo bei ya soko la Kenya hutajwa kwalo ni la kilo 90. Tanzania kipimo kilichozoeleka ni kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana kwa miaka mingi na magunia ya viazi na vitunguu yaliyoshonewa kilemba juu na kupita kiwango hicho. Kenya ilipitisha kanuni za viazi mwaka 2019 zinazotaka gunia lisizidi kilo 50. Mjadala wa lumbesa umekuwa zaidi kuhusu mkulima kupunjwa, na kweli anapunjwa, lakini anayelibeba gunia hilo kutoka shambani hadi Namanga na sokoni Nairobi naye amepunjwa, kwani analipwa kwa gunia, si kwa kilo.

Mfanyabiashara mwenye nia ana njia za kuanzia. Mifuko ya kilo 50 au 25 badala ya 100. Toroli, hata lile la magurudumu mawili. Ubao imara wa kuteremkia badala ya kuruka. Gunia lichukuliwe kutoka ukingo wa tela, usawa wa kifua, likisogezwa na aliye juu, badala ya kuinuliwa kutoka ardhini. Gunia zito libebwe na wawili na walipwe wawili. Makuli wabadilishane zamu kati ya anayesogeza juu na anayebeba chini, na kila mmoja abadilishe bega kila baada ya magunia kadhaa, jambo ambalo mwanzoni hulifanya bega la pili lionekane la mgeni.

Dalili za kutosubiri

Huduma za afya kando ya barabara kuu za kanda hii zilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya vita dhidi ya UKIMWI. Kliniki za makontena za North Star Alliance, shirika lililoanzishwa mwaka 2006, ni mfano mmojawapo. Tiba ya viungo haikuwa kipaumbele. Kwa wenye matatizo sugu, Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam na hospitali ya KCMC mjini Moshi, isiyo mbali na mpaka wa Holili na Taveta, zina wataalamu wa fani hiyo, na hospitali nyingi za mikoa na kaunti zina kitengo chake.

Mkono unaopoteza nguvu, vitu vikaanza kuponyoka, au ganzi isiyoondoka, si jambo la kuchua nyumbani. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka na bega likashindwa kunyanyuka. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yapimwe haraka, kwa sababu kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Anayekosa nguvu za miguu au kushindwa kuzuia mkojo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari ambaye bega lake linakakamaa bila kuumia popote amweleze daktari, maana kisukari na bega kukaza mara nyingi huandamana. Na dereva wa makamo anayesikia kifua kubana na maumivu kushuka mkono wa kushoto au kupanda tayani asiyaite uchovu wa usukani. Aegeshe gari, atafute msaada wa hospitali, na lori lisubiri.